Fundi wa Bunduki na Dhamana ya Kazi Yake

Liko swali ambalo wenye elimu huwaachia wahunzi, na wahunzi nao huwaachia wenye elimu, hata likabaki katikati bila ya mwenyewe. Swali lenyewe ni hili: mtu aundapo chombo kwa ustadi wake wote, kisha chombo kile kikatenda uovu katika mkono wa mtu mwingine, je, fundi ana fungu gani katika uovu ule? Hana fungu lolote, au ana fungu dogo, au fungu lake ni sawa na la mtendaji? Kwa jembe swali hili halisumbui sana, ingawa jembe limepata kuua. Kwa kisu linaanza kusumbua. Kwa bunduki haliwezi kukwepwa, maana bunduki haikubuniwa kulima wala kumenya viazi. Ilibuniwa kupeleka pigo mbali, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki.

Msomaji na atazame mfano mmoja, usio wa mtu fulani bali wa hali ya mahali. Yuko mtu katika mji wa Sumbawanga, mwalimu au mchuuzi wa mahindi, ambaye furaha yake ni kulenga shabaha. Hawindi, wala hana adui ajulikanaye. Anayo leseni ya serikali. Akipata nafasi husafiri kwenda mahali palipotengwa kwa kulenga, akalala kifudifudi, akatafuta kitovu cha karatasi. Anachokosa ni bunduki inayomfaa yeye. Bunduki itokayo kiwandani imechongewa bega la mtu wa wastani, na mtu wa wastani hajapata kuzaliwa. Huyu wetu mikono yake ni mirefu, shingo yake ni fupi, na kila apigapo shavu lake huteleza kwenye kitako, jicho likapoteza mstari. Kwa hiyo anatafuta vitu viwili: fundi na mti.

Asiyepata kulenga shabaha huenda akadhani kwamba kutaka kitako cha kuchongewa ni majivuno, mfano wa kutaka kanzu ya hariri. Lakini vipimo vya mchezo huu havina huruma. Katika mashindano makubwa ya dunia ya bunduki ndogo, mlengaji huwa mita 50 mbali na karatasi yake, na duara lenye thamani ya alama 10 lina upana wa milimita 10.4 tu, karibu sawa na punje nene ya hindi. Kupiga punje ya hindi kwa umbali ule, si mara moja bali mara kwa mara, si kazi ya macho peke yake. Mwili wote lazima ukae mahali pale pale kila mara: bega, shavu, kiganja, na kidole juu ya kifyatulio. Mtutu ndio unaosifiwa, lakini kitako ndicho kinachomjua mtu. Kikiwa kirefu, humsukuma nyuma. Kikiwa kifupi, humkunja. Shavu lisipopata mahali pa kutulia, jicho hutangatanga, na risasi hulifuata jicho.

Kuna na jambo la mti wenyewe. Mti hufa ukikatwa, lakini hauachi kutikisika. Wakati wa masika huvimba, wakati wa kiangazi husinyaa, na katika uwanda wa Ufipa, wenye mvua za miezi mingi na baridi kavu ya Juni na Julai, mabadiliko hayo si madogo. Kitako kilichovimba husukuma mtutu upande, na bunduki iliyopiga katikati mwezi wa Agosti hupiga pembeni mwezi wa Januari. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya waliupenda mti wa jozi, ambao ni mgumu bila ya kuwa mzito mno, na ambao ukiisha kukauka hubaki kama ulivyo. Jozi haioti Ufipa. Uwanda wenyewe umejaa nyasi kuliko miti. Lakini katika misitu ya miombo, ukishuka kutoka uwandani, uko mninga. Mafundi seremala wote wa Tanzania wanaujua kwa vitanda na milango. Uzito wake haupitani sana na ule wa jozi, na sifa yake iliyo kubwa ni hii, kwamba ukikaushwa vema haupindi wala hausinyai ila kidogo sana. Ukichanjwa gome hutoa utomvu mwekundu kama damu. Wapenda ishara watapata la kusema hapo. Seremala hutafuta kitambaa akapangusa panga lake, akaendelea na kazi.

Basi mti upo, kwa ajili ya mwenye kibali cha kuukata au pesa ya kuununua. Fundi ndiye adimu. Katika Sumbawanga mafundi si haba: wako wachongao makabati, wako waungao vyuma kwa moto wa umeme, wako watengenezao mashine za kusaga. Lakini yule ajuaye mti hajui bunduki, na yule ajuaye bunduki, aghalabu mhunzi wa kijijini aundaye magobore, hana idhini ya kusema kwamba anajua. Mtu wetu akizungukia karakana zote atapewa kitako kizuri kama mguu wa meza, kisichojua kazi yake. Au atanong'onezewa jina la mtu aliye mbali na barabara, ambaye hujulikana na wote na hajulikani na mtu.

Jambo hili lina ajabu yake, maana Ufipa si nchi ngeni kwa chuma. Kabla ya meli kuleta majembe ya Ulaya, Wafipa walikuwa miongoni mwa mabingwa wa chuma katika Afrika ya Mashariki. Tanuri lao kubwa liliitwa ilungu, na yakiwa mengi malungu. Lilijengwa kwa udongo likasimama juu kupita kimo cha mtu, kadiri ya mita 3, na halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa mifereji ya udongo iliyopangwa chini kulizunguka, moto ukajivuta kama moshi katika bomba. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapitishwa mara ya pili katika tanuri dogo lenye mivuo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo kilipofaa kufuliwa. Wazungu waliotembelea nchi hiyo katika miaka ya 1930 waliwahi kuona na kuandika kazi hii ikiwa inakoma. Baadaye Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyafanyia utafiti mabaki yake katika miaka ya 1990. Magofu ya malungu yangali yamesimama mahali mahali, mvua ikiyala kidogo kidogo.

Linalohusu swali letu ni adabu iliyoizunguka kazi ile. Mkuu wa tanuri alikuwa na kikapu chake cha dawa. Wayeyushaji walijitenga na wake zao muda wote wa kazi, na mtu aliyevunja mwiko alihesabiwa kuwa ndiye aliyeharibu chuma. Mtu wa leo hucheka, akisema kwamba chuma hakiulizi fundi amelala wapi. Naam, hakiulizi. Lakini kabla ya kucheka sana, na aone wazo lililokuwamo ndani ya mwiko ule: kwamba kazi na mtenda kazi si vitu viwili vilivyotengana, kwamba moyo wa mtu huingia katika kile anachokitengeneza. Hili wengi wetu bado tunaliamini, ila tumeliondolea dawa na kikapu.

Na bado adabu ile ilikuwa na upungufu, au pengine ilikuwa na busara ya kujua mpaka wake. Ilimchunguza mtengenezaji, haikumchunguza mnunuzi. Bonge moja la chuma lilitoa jembe, likatoa shoka, likatoa na mkuki. Mwenye tanuri hakujua ni lipi litakwenda wapi, kwa kuwa hata chuma chenyewe kilikuwa hakijajua. Alijibu kwa usafi wa mikono yake, basi. Joseph Thomson, msafiri Mskochi aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa watu wa amani na wakulima hasa. Na chuma kingi cha nchi ile kiliishia kweli katika udongo wa matuta. Lakini hilo lilitokana na tabia ya nchi na wakati wake, wala tanuri halikulidhamini.

Hapa pana ngazi, na pasipoonwa, mazungumzo yote huvurugika. Ayeyushaye chuma yuko mbali na tendo. Mhunzi afuaye mkuki yuko karibu zaidi, maana ameamua umbo, na umbo ni nusu ya kusudi. Kiwanda kiundacho bunduki elfu kinajua kusudi lakini hakimjui mtu. Lakini fundi achongaye kitako kwa ajili ya mtu mmoja yuko mahali pengine kabisa. Amemsimamisha mbele yake, amempima mkono kutoka kiwiko hata ncha ya kidole, ameutazama urefu wa shingo na mteremko wa bega, amemwuliza atumia jicho lipi. Mtu aliyekwisha kupima shavu la mwenzake hawezi kusema baadaye kwamba hakumjua.

Wako watakaopinga, na hoja yao ina umri mkubwa. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Gorgias, yule mwalimu wa ufasaha ambaye jina lake limepewa kitabu anajitetea hivi: mtu akijifunza ngumi kisha akampiga baba yake, wa kulaumiwa ni yeye, wala si mwalimu wa ngumi, maana mwalimu alimpa ustadi autumie kwa haki. Waswahili nao wana mithali iliyo karibu na hoja hiyo: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake, mwenye kutaka na apate, na jeraha litamfundisha. Ni mithali ya watu wasiopenda kulea wakubwa, na mara nyingi inafaa. Lakini itazamwe vizuri: wembe humkata aliyeushika. Hekima yote ya mithali imo humo, kwamba maumivu humrudia mwenye kosa. Bunduki haina tabia hiyo. Aliyoililia hubaki mzima, na jeraha huenda kwa mwingine ambaye hakulilia kitu, ambaye pengine alikuwa amelala. Hivyo mithali inayomwondolea lawama mwenye kutoa wembe haiwezi kumwondolea lawama mwenye kutoa bunduki, isipokuwa kwa mtu anayezitumia mithali kama visingizio.

Upande wa pili asimame Mencius, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Yeye aliona kwamba muunda mishale si lazima awe mkatili kwa tabia kuliko muunda ngao. Ila wa kwanza hukesha akiogopa mshale wake usije ukashindwa kumdhuru mtu, na wa pili hukesha akiogopa mtu asije akadhurika. Kwa hiyo mtu na awe mwangalifu katika kuchagua kazi. Neno hili ni zito kwa sababu halizungumzii tendo la mnunuzi hata kidogo. Linazungumzia linalompata fundi mwenyewe. Kila kazi ina shauku yake ya siri, na mtu aitendaye kwa miaka 30 shauku ile humwingia. Muunda mishale ya vita hana budi, siku moja, kufurahi aliposikia kwamba umepenya.

Je, muunda bunduki ya shabaha yuko katika daraja hilo? Yaonekana sivyo, na hapa ndipo mtu wetu wa Sumbawanga anapopata utetezi wake ulio bora. Fundi wa bunduki ya shabaha hukesha akiogopa kitu kingine: risasi 10 zisije zikatawanyika. Furaha yake ni matundu mengi yaliyoingiliana yakawa tundu moja katika karatasi. Karatasi haina mama. Shauku ya kazi yake ni usahihi, na usahihi ni ndugu wa kweli. Mtu anayejizoeza kutojidanganya kuhusu mahali risasi yake ilipopiga amejizoeza jambo jema. Aristotle, alipotaka kueleza faida ya kujua lengo la maisha, alichukua mfano wa mpiga upinde mwenye alama ya kulenga. Hakuona aibu kumleta mwenye silaha katika mlango wa maadili.

Zaidi ya hayo, umbo la bunduki yenyewe hunena. Bunduki iliyoundwa kwa shabaha ni nzito, kitako chake ni kinene na kina mabonde ya kiganja na ya shavu, hutiwa risasi moja moja, na kifyatulio chake ni chepesi kiasi kwamba mtu mwenye akili hawezi kuibeba porini ikiwa na risasi ndani. Mwindaji haramu hangeitaka, mnyang'anyi ingemwelemea. Fundi anaweza kuweka nia yake katika mti na chuma, akakifanya chombo kiwe chema kwa kazi moja na kibaya kwa nyingine. Hii ni njia mojawapo ya fundi kuwajibika, na ni ajabu kwamba wanafalsafa wameitaja kwa nadra, pengine kwa kuwa wengi wao hawakushika patasi.

Walakini utetezi huu usivutwe kupita urefu wake. Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kilichoufanya mchezo huu kuwa wa taratibu kilianzishwa mwaka 1859, na kusudi lake lilikuwa kuwafundisha raia kulenga ili waweze kuilinda nchi yao, kwa hofu ya Ufaransa. Karatasi ilisimama mahali pa mtu tangu mwanzo. Katika Afrika ya Mashariki mchezo uliletwa na wenye kutawala, na bunduki zenyewe ziligawiwa kwa rangi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Na huo mfereji wa kuzunguka ndio unaoifanya risasi izunguke na kwenda sawasawa. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa kelele na moshi, akanyimwa usahihi. Gobore la kijiji cha leo ni mjukuu wa katazo lile. Mtu wa Sumbawanga anayetaka bunduki iliyonyoka, kwa mwili wake mwenyewe, anadai kitu ambacho babu yake hakuruhusiwa kukitaka, na si haki kumcheka kwamba anaiga Wazungu.

Katika ufunguzi wa mashindano ya kwanza ya chama kile, huko Wimbledon tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria alipiga risasi ya kwanza. Bunduki ilikuwa ya Joseph Whitworth, fundi mashuhuri wa Manchester, na ilikuwa imefungwa juu ya mtambo, imekwisha kulengwa. Malkia alivuta kamba ya hariri tu, risasi ikaenda yadi 400, ikapiga karibu kabisa na kitovu. Watu walishangilia. Sasa na aulizwe mtu yeyote: ni nani aliyepiga shabaha siku ile? Malkia alivuta, lakini hakuna asiyeona kwamba sifa ilikuwa ya fundi. Na Whitworth hakuikataa. Basi, ikiwa fundi hupokea sifa ya pigo jema ambalo mkono wake haukulipiga, kwa hoja gani atakataa lawama ya pigo baya? Hawezi kuwa baba wa watoto wazuri peke yao. Mafundi wa kila aina, hata waandishi wa vitabu na walimu wa vyuo, hupenda hesabu ya upande mmoja. Lakini mizani yenye kitanga kimoja haipimi kitu.

Yuko fundi mmoja wa zama zetu aliyeionja hesabu hiyo. Mikhail Kalashnikov, Mrusi aliyebuni bunduki ambayo leo imejaa katika Maziwa Makuu kuliko nyingine yoyote, alikufa Desemba 2013. Mwezi uliofuata gazeti moja la Moscow lilichapa barua aliyokuwa amemwandikia mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi, akiuliza kama yeye ana hatia kwa watu waliouawa kwa silaha yake, hata kama walikuwa adui. Kwa miaka mingi alikuwa amesema kwamba analala vema, na kwamba lawama ni ya wanasiasa. Upande wa Kanisa ulijibu kwamba silaha inapotumika kuilinda nchi, Kanisa huwaunga mkono waundaji wake na askari waishikayo. Jibu hilo lilimfaa askari wa mwaka 1943. Kwa mwanamke wa Kivu aliyekimbia kijiji chake usiku halikusema kitu, na yamkini mzee yule aliuliza kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kalashnikov hakumpima mtu hata mmoja bega. Aliunda kwa mamilioni asiowajua. Ikiwa kutojua hakukumpa usingizi mwishoni, fundi wa mtu mmoja hana pa kujificha.

Turudi Ufipa, kwa mhunzi wa magobore, maana yeye ndiye anayeishi ndani ya swali hili bila ya kulisoma. Wateja wake wa kwanza ni wakulima. Nguruwe mwitu usiku, na nyani mchana, hula shamba la mahindi wakamaliza kazi ya miezi, na mkulima asiye na pesa ya bunduki ya dukani humwendea mhunzi. Hilo ni hitaji la kweli, na mwenye shibe asilidharau. Lakini gobore lililofukuza nguruwe limejulikana kuua tembo, na kuua watu pia. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Ilisimamishwa mwezi uliofuata kwa malalamiko ya raia kuteswa na kuuawa, na mawaziri wanne wakapoteza vyeo vyao Desemba. Katika misukosuko ile mwenye gobore la nguruwe na mwenye gobore la tembo walionekana sura moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuunda wala kutengeneza silaha bila ya leseni, na kwa mhunzi wa kijijini leseni ile iko mbali kama mwezi.

Linalosahaulika ni hili. Mhunzi huyu ndiye anayewajua wateja wake kuliko ofisa yeyote. Anajua ni nani ana shamba na nani hana. Nani aligombana na ndugu yake juu ya mpaka. Nani, akinywa, hutoa maneno ya kisasi. Ujuzi wa namna hiyo hakuna fomu inayoweza kuuchukua. Lakini hawezi kuutumia. Kwa kuwa kazi yake ni ya siri, hana uwezo wa kukataa. Aliyekataliwa leo anaweza kumpeleka polisi kesho. Siri humpokonya fundi neno lake la thamani kuliko yote, nalo ni "hapana." Anaona uovu ukija kwa miguu yake mwenyewe, ukiwa na pesa mkononi, naye hufua. Hatia yake ni kweli, ila nusu yake ilitengenezwa na waliomfungia mlango wa mbele. Kama yuko mtu anayestahili kuhurumiwa na kulaumiwa kwa pamoja, ndiye huyu.

Fundi mwenye leseni ana mtego ulio kinyume. Yeye anaweza kukataa, lakini ana karatasi. Mteja huja na kibali kilichopigwa mhuri, na mhuri husema, "Mwingine amekwisha kufikiri kwa niaba yako." Ni maneno matamu. Karatasi ile ni ya lazima na ni njema; mahali pasipo karatasi hapana hata mahali pa kuanzia. Lakini ofisa aliyeipiga mhuri alimwona mtu yule kwa robo saa, pengine hakumwona kabisa. Fundi atakuwa naye miezi. Karatasi huthibitisha kwamba mtu hajafanya kosa. Haithibitishi kwamba hakuja na kosa kifuani. Anayeona zaidi anadaiwa zaidi, na mhuri wa serikali haufuti macho ya fundi.

Pana hatari, bila shaka, ya kumfanya kila fundi kuwa hakimu. Fundi mwenye chuki atakataa kabila fulani au dini fulani, akaita chuki yake dhamiri. Fundi mwoga atakataa wote. Sumbawanga yenyewe, ambayo jina lake watu hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi," inajua vema madhara ya kumhukumu mtu kwa kumtazama machoni. Katika mikoa ya magharibi wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyotiwa wekundu na moshi wa jikoni. Kwa hiyo macho ya fundi yasiwe ya kutafuta ishara. Na yatazame matendo: mtu huyu huzungumza nini anapoingoja bunduki yake? Huuliza habari ya karatasi na upepo na namna ya kushusha pumzi, au huuliza habari ya ukuta na giza? Huja na daftari la alama zake? Huhifadhi wapi silaha aliyo nayo? Maswali haya hayahitaji uchawi. Seremala huuliza mengi kuliko hayo juu ya kabati.

Na katika jambo hili mti umemsaidia fundi bila ya kukusudia. Gogo la mninga haliwi kitako kwa siku moja. Kanuni ya zamani ya mafundi wa mbao ni mwaka mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene, na kipande cha kitako hupita inchi 2. Atakaye haraka hukausha kwa moto, akapata ufa. Kwa hiyo mteja wa Sumbawanga akipata fundi wa kweli ataambiwa angoje miaka miwili, au zaidi. Atalalamika. Atakuja Pasaka kuuliza, atakuja baada ya mavuno, atakaa juu ya kigogo karakanani akinywa chai, akieleza habari za shule yake au bei ya gunia. Fundi atageuza kipande juu ya rafu, atapima uzito wake kwa mkono, ataandika tarehe kwa chaki. Mteja atadhani kwamba kinachochunguzwa ni mninga.

Ikiwa mwishoni fundi ameona asilolipenda, atajaribiwa kusema kwamba gogo limepasuka, maana uongo huo ni mwepesi na hauleti ugomvi. Lakini aliyesema uongo kwa mmoja ameacha mlango wazi. Mteja atatafuta gogo jingine, akamrudia, au akaenda kwa yule wa mbali na barabara. Fundi hana budi kumwambia waziwazi kwamba hatamchongea, na kwa sababu gani, hata kama mtu yule ana leseni na ni jirani yake na watoto wao wanasoma pamoja. Kisha amrudishie arubuni yake yote, bila ya kukata gharama ya mbao, na kipande kile cha mninga, kilichokwisha kukauka vizuri, akichonge miguu ya kitanda.